Mwanafunzi Mwenye Uoni Hafifu: Je, Haki Yake Isubiri Aombe?

Katika vijiji vya Uyoma, Kaunti ya Siaya, vinavyoteremka hadi Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapotia nanga, yupo mtoto ambaye mfumo wetu wa elimu haujui umweke wapi. Anatembea njiani bila fimbo. Anateka maji, anaanua omena mvua inapotanda, anamtambua jirani kwa sauti na kwa mwendo. Akiingia darasani, kilichoandikwa ubaoni hakioni. Mwalimu akiambiwa kwamba mtoto huyu ana shida ya macho anashangaa, maana jana alimwona akikimbia uwanjani. Mzazi akiambiwa ampeleke shule ya wasioona anakataa, maana mwanawe si kipofu. Mtoto mwenyewe ananyamaza, ananakili daftari la mwenzake, na muhula ukiisha anaitwa mvivu.

Mkanganyiko huu hauko Siaya peke yake, na huwa mkubwa zaidi wakati wa kusajili watahiniwa na wa kuchagua shule. Maswali yanayozuka ni yaleyale. Mtoto wa namna hii apelekwe shule maalum au abaki na wenzake karibu na nyumbani? Muda wa ziada katika mtihani ni haki au ni upendeleo? Na ni nani anayepaswa kusema kwamba marekebisho yanahitajika: daktari, mzazi, mwalimu, au mwanafunzi mwenyewe?

Uchambuzi huu unapima majibu manne yanayotolewa mara nyingi. Msimamo wake ni kwamba kujisemea ni stadi ambayo kila mwanafunzi mwenye uoni hafifu anastahili kufundishwa, lakini haki yake ya kusoma haipaswi kungoja hadi awe na ujasiri wa kuidai.

Hali yenyewe ni ipi

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, uoni hafifu ni uwezo wa kuona ulio chini ya 6/18 hadi 3/60 katika jicho lililo bora, hata baada ya mtu kupewa miwani inayomfaa. Chini ya 3/60 huhesabiwa kuwa upofu. Mtoto wa 6/36 anahitaji kuwa mita 6 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 36.

Tuipeleke hesabu hiyo darasani. Mtoto wa 6/36 aliyekaa mita 6 kutoka ubaoni anaanza kutambua herufi ikiwa na kimo cha sentimita 5 hivi. Ni walimu wachache wanaoandika herufi kubwa kiasi hicho tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Mtoto huyohuyo akisogezwa hadi mita 2, herufi isiyofika sentimita 2 inaanza kusomeka. Hakuna kifaa kilichonunuliwa hapo wala karo iliyoongezwa. Dawati tu limehama.

Hata hivyo uoni hafifu si hali moja. Mwenye ualbino kwa kawaida huumizwa na mwanga mkali na mboni zake huchezacheza. Wengi huinamisha au hugeuza kichwa kwa sababu katika pembe ile mboni hutulia kidogo. Mwalimu anayemwamuru atazame mbele anamnyang'anya uoni alio nao. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akiwa mchanga anaweza kuona mbali kiasi, lakini akahitaji miwani nyingine kwa kitabu. Mwenye glakoma, au ugonjwa unaokula retina kutoka pembeni, anaweza kusoma maandishi ya kawaida katikati ya uwanja wake wa kuona huku akijikwaa kwenye kizingiti cha mlango. Kwa mtoto wa aina hii ya mwisho, maandishi makubwa sana ni mzigo, kwa sababu herufi zinazoenea katika kile kidirisha chake chembamba zinapungua.

Ndiyo sababu kauli mbili zinazosikika sana zinapotosha. Ya kwanza ni kwamba akipewa miwani, tatizo limekwisha. Uoni hafifu ni kile kinachobaki baada ya miwani kufanya kazi yake yote. Ya pili ni kinyume chake: kwamba asiyeona ubao ni wa kupelekwa shule ya wasioona. Wapo watoto ambao shida yao ni miwani tu, na hao hawana haja ya kuhama. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya mjadala wowote wa shule, ni macho kupimwa vizuri katika hospitali kama Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu au hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga.

Njia tuliyopitia

Elimu ya wasioona nchini Kenya ilianzishwa na makanisa. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya Thika mwaka 1946, na Chama cha Wasioona cha Kenya kikaundwa kwa sheria mwaka 1956. Upande wa Ziwa Viktoria zikaja Mtakatifu Oda ya Aluor, huko Gem, na Kibos, nje kidogo ya Kisumu. Shule hizi ziliokoa watoto ambao wangefichwa nyumbani. Lakini zilijengwa zikiwalenga wasioona kabisa, na chombo chao kikuu kilikuwa breli. Aliyebakiwa na uoni kiasi aliingia kwa mlango uleule akafundishwa kwa njia ileile.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuweka vituo vya tathmini na raslimali za elimu, vinavyojulikana kwa kifupi cha EARC, ili mtoto apimwe karibu na kwao na apewe ushauri wa shule. Mwaka 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, ya kufunza walimu. Tamko la Salamanca la 1994 likaipa nguvu duniani kote hoja kwamba shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kubadilika ili impokee kila mtoto.

Mwaka 2003 ulileta mambo matatu kwa pamoja. Elimu ya msingi bila malipo ilipandisha idadi ya wanafunzi wa shule za msingi kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikakataza shule kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake pekee, na ikazitaka taasisi ziyazingatie mahitaji yake katika mtaala, mitihani na ratiba. Tena jopokazi lililoongozwa na Dkt. Edwards Kochung wa Chuo Kikuu cha Maseno likapendekeza vituo vya EARC viongezewe fedha na vifaa, na walimu wapewe mafunzo. Madarasa yakajaa mwaka uleule ambao sheria ya kumtaka mwalimu amtazame kila mtoto kwa mahitaji yake ilipitishwa.

Kisha msingi wa kisheria ukazidi kuimarika. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu na kupata vifaa vya kumwezesha. Mwaka 2017 nchi ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vinakiliwe kwa breli, kwa sauti au kwa maandishi makubwa bila kizuizi cha hakimiliki. Sera ya sekta ya elimu ya 2018 ikaegemea elimu jumuishi. Mwaka 2025 sheria ya 2003 ikafutwa na nyingine mpya, iliyopelekwa bungeni na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe alipoteza uwezo wake wa kuona kwa glakoma.

Kwa nini basi mtoto wa Luanda Kotieno bado ananakili kwa mwenzake? Sababu ya kwanza ni kwamba hahesabiki. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, lakini hesabu hiyo inategemea jibu la mwenye nyumba, na mzazi anayemwona mwanawe akitembea vizuri hana sababu ya kusema ana shida kubwa ya kuona. Sababu ya pili ni fedha. Mgao wa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka, na nyongeza ya mwenye mahitaji maalum shilingi 2,300. Nyongeza hiyo haifiki shilingi 200 kwa mwezi. Sababu ya tatu ni kwamba sheria humtaja mwenye wajibu kwa jumla, kama serikali au taasisi, lakini darasani hakuna mtu mmoja anayejua kwamba jukumu hili ni lake leo.

Msimamo wa kwanza: apelekwe shule maalum

Wanaotetea shule maalum wana hoja nzito. Kuna walimu waliosomea kazi hii na madarasa madogo. Mtoto anafundishwa kutembea salama, kutumia kompyuta na kusoma breli. Anakutana na wenzake walio kama yeye, na aibu aliyokuja nayo inapungua. Usajili wa mtihani haumpiti mtu, kwa sababu mwalimu mkuu anaujua utaratibu. Kwa mtoto ambaye ugonjwa wake utaendelea kuula uoni mwaka hadi mwaka, kuanza breli mapema ni busara. Atakapofika mahali pa kuihitaji, vidole vyake vitakuwa tayari.

Udhaifu wa njia hii unaonekana pale mtoto anapokuwa na uoni unaotosha kusoma chapa. Walimu wa shule hizi wanamfahamu mwanafunzi anayesoma breli kwa macho: ameinamia karatasi, akitafuta vivuli vya nukta badala ya kuzipapasa. Njia hiyo inachosha macho, haimpi kasi ya breli wala manufaa ya chapa. Vilevile mara nyingi yeye ndiye anayegeuzwa kiongozi wa wasioona kabisa, na muda wake wa kujisomea unakwenda huko.

Kuna gharama nyingine pia. Kutoka Luanda Kotieno hadi Aluor ni safari ndefu ya kuvuka kaunti. Ni maisha ya bweni, nauli na mahitaji ya kila muhula. Mtoto wa miaka 7 anakua mbali na ndugu zake, na akirudi likizo kijiji hakimjui. Chaguo la masomo nalo limekuwa finyu kihistoria: mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, una karatasi ya Baiolojia kwa wasioona, lakini fizikia na kemia ni njia ambayo wachache wameipita. Sasa sekondari ya juu imegawanywa katika mikondo mitatu, na mmoja ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kumweka mwenye uoni hafifu katika mfumo uliojengewa wasioona kabisa kunaweza kumfungia mkondo ambao angeumudu.

Msimamo wa pili: abaki shule ya jirani

Msimamo huu ndio unaopendelewa na sera ya 2018. Mtoto analala kwao, anasoma na watoto atakaoishi nao, na jamii inajifunza kwamba ulemavu haumtoi mtu katika kundi. Kwa uoni hafifu hasa, sehemu kubwa ya marekebisho ni nafuu: kiti cha mbele, ubao uliopakwa rangi nyeusi vizuri, chaki nyeupe badala ya nyekundu au buluu, daftari lenye mistari iliyokolezwa, kofia kwa mwenye ualbino, na mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachoandika. Hilo la mwisho linawafaa hata waliokaa nyuma wenye macho mazima.

Mazingira ya ufuoni yana lake pia. Katika darasa ambalo madirisha yake yanatazama maji, mng'ao wa ziwa saa nne asubuhi unaingia moja kwa moja hadi ubaoni. Anayeumizwa na mwanga hatafaidika kwa kuwekwa mbele kabisa ikiwa mbele ndiko dirishani. Anahitaji kuwa karibu na ubao huku mwanga ukitoka nyuma yake, na bila mtu wa kumweleza, mwalimu hawezi kukisia hilo.

Udhaifu mkubwa ni kwamba shule ya jirani mara nyingi inapewa mtoto bila kupewa chochote cha kumsaidia. Mpango wa walimu wanaozunguka shule hadi shule, uliojaribiwa Kenya kwa msaada wa Sightsavers na Chama cha Wasioona, ulionyesha kwamba mwalimu mmoja aliyefunzwa anaweza kuwahudumia watoto wa shule kadhaa. Lakini mwalimu huyo anahitaji pikipiki, mafuta na ratiba inayomwachia nafasi. Akipewa vipindi kamili katika shule yake, kuzunguka kunabaki kwenye karatasi. Vitabu vya maandishi makubwa ni adimu. Simu ya mkononi, ambayo kamera yake ni kioo cha kukuzia cha bei nafuu kuliko vyote, hairuhusiwi katika shule nyingi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa ndani ya darasa na nje ya somo kwa wakati mmoja, na takwimu zikamhesabu kuwa amejumuishwa.

Msimamo wa tatu: tumsaidie kwenye mtihani

Wengine wanasema tusihangaike na aina ya shule. Kinachoamua maisha ya mtoto ni mtihani, basi marekebisho yawekwe hapo. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa, na kwa kawaida huwapa watahiniwa hawa nusu saa ya ziada. Sharti ni shule iwatambulishe wakati wa usajili, hali zao zikiwa zimethibitishwa. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani, NECTA, limefuata kanuni nyingine: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Tofauti hiyo ina maana. Karatasi ya Hisabati ya KCSE ni ya saa mbili na nusu. Kwa kanuni ya Tanzania, urefu huo ungeleta dakika 50 za ziada, si 30. Kwa karatasi ya saa mbili isiyo ya Hisabati, kanuni ya Tanzania inatoa dakika 20 na ya Kenya inatoa zaidi. Kanuni ya kiasi maalum ni rahisi kusimamia. Ile ya uwiano inafuata kazi yenyewe: mwenye uoni hafifu anapoteza muda mwingi zaidi kwenye michoro, vipeo na desimali, ambako nukta moja ikimpita jibu lote linaharibika. Hata hivyo dakika zaidi ni uchovu zaidi. Kwa macho yanayochoka haraka, mapumziko mafupi katikati yanaweza kufaa kuliko nusu saa iliyobandikwa mwishoni.

Maandishi makubwa nayo yana mtego. Kuchukua karatasi ya A4 yenye herufi za pointi 12 na kuikuza kwenye A3 kunazifikisha herufi hizo pointi 17 tu, huku ukurasa ukizidi upana wa dawati. Ramani yenye vivuli vya kijivu ikikuzwa inabaki ya kijivu, ila kubwa zaidi. Karatasi nzuri hupangwa upya: mistari mizito, herufi nyeusi tii, mchoro uliopunguzwa yasiyo ya lazima.

Je, huu ni upendeleo? Jibu linategemea mtihani unapima nini. Karatasi ya Jiografia inapima ujuzi wa Jiografia. Kumwondolea mtahiniwa kizuizi cha herufi ndogo hakumwongezei ujuzi ambao hana. Pale tu ambapo kinachopimwa ni kasi yenyewe ya kusoma ndipo swali linakuwa gumu, na sehemu hizo ni chache. Wala akili si suala hapa: mwaka 2017 msichana mwenye ualbino aliyesoma Kaunti ya Kakamega aliongoza Kenya nzima katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo, kwa alama 455 kati ya 500.

Udhaifu wa kweli wa msimamo huu ni kwamba unafika jioni. Mwanafunzi aliyekaa miaka tisa bila kitabu anachoweza kukisoma hatafidiwa na nusu saa. Aliyeona karatasi ya maandishi makubwa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hajui hata jinsi ya kuipanga mezani. Marekebisho ya mtihani yanazaa matunda pale tu yanapokuwa mwendelezo wa yale aliyozoea darasani.

Msimamo wa nne: mwanafunzi ajisemee

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema, na hoja ya kujisemea inasimama hapo. Nguvu yake ya kwanza ni ya maarifa. Uoni wa mtu mmoja hubadilika kwa mwanga, kwa uchovu, kwa saa ya siku. Ripoti ya kliniki inasema 6/36. Haisemi kwamba baada ya saa sita mchana maandishi huanza kuelea. Hilo analijua mwenye macho tu. Nguvu ya pili ni kwamba stadi hii inahama pamoja na mtu. Kiti cha mbele hakimfuati mwanafunzi kutoka Uyoma hadi Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo, wala hadi kazini. Uwezo wa kueleza anachohitaji unamfuata.

Stadi yenyewe ni ya vitendo. Mwanafunzi anayesema, "Mwalimu, sioni vizuri," amemwachia mwalimu fumbo. Anayesema, "Mwalimu, naomba nikae safu hii ya pili karibu na ukuta, nikiwa hapa nasoma chaki nyeupe, lakini nyekundu siioni. Tafadhali usome unapoandika," amempa mambo matatu ya kufanya bila gharama, na amesema kwa adabu. Ili afike hapo, lazima awe ameelezwa jina la hali yake, amejaribu sehemu mbalimbali za darasa na vifaa mbalimbali, na amefanya mazoezi ya kusema mbele ya mtu anayemwamini.

Lakini msimamo huu ndio wenye hatari iliyofichika kuliko yote. Mtoto aliyezaliwa na uoni hafifu hajui kwamba wenzake wanaona zaidi; anadhani kila mtu hukisia kilichoandikwa ubaoni. Hawezi kuomba asichojua kwamba kipo. Tena malezi yetu yanamfundisha mtoto kunyamaza mbele ya mkubwa, na katika darasa la watoto sitini anayenyanyua mkono mara kwa mara huonekana msumbufu. Akifika ujana anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufeli. Na mwalimu akikataa, ataenda kwa nani? Mumbi Ngugi, Jaji wa Mahakama ya Rufani mwenye ualbino, amewahi kueleza hadharani jinsi macho yalivyomtatiza shuleni. Waliofika alikofika ni ushahidi kwamba inawezekana. Si ushahidi kwamba kila mtoto aachiwe apambane peke yake.

Hatari kubwa zaidi ni ya kitaasisi. Kujisemea kukifanywa sharti, shule inapata kisingizio: hakuomba. Wajibu wa mtu mzima unageuzwa kuwa kosa la mtoto.

Marekani imelitenganisha jambo hili kwa umri. Sheria ya elimu ya wenye ulemavu, iliyoanzia mwaka 1975, inazitaka mamlaka za shule ziwatafute na kuwatambua watoto hawa, hata kama hakuna aliyeomba. Akifika chuo kikuu, mwanafunzi ndiye anayejitambulisha na kuomba marekebisho. Wengi hujikwaa kwenye kivuko hicho, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili watu wazima waliwasemea, kisha ghafla wakanyamaza. Somo kwetu ni kwamba wajibu usihamishwe kwa siku moja. Uhamishwe hatua kwa hatua.

Kuiweka mizani sawa

Tukiipima misimamo hii minne kwa maswali matatu, yaani msaada unafika lini, gharama inabebwa na nani, na nini kinatokea mtu mmoja asipotimiza lake, picha inakuwa wazi zaidi.

Shule maalum inafika mapema na haitegemei mtu mmoja, lakini familia na utoto wa mwanafunzi ndivyo vinavyolipa. Inamfaa mtoto ambaye uoni wake unapungua, mwenye ulemavu zaidi ya mmoja, au asiyeweza kutegemea chapa. Kwa wengine walio na uoni wa kusomea, si mahali pa kuanzia. Shule ya jirani inafika mapema na ni nafuu, ila inaanguka mara mwalimu mmoja mwenye moyo anapohamishwa. Marekebisho ya mtihani yana utaratibu imara, lakini yamechelewa. Kujisemea hakugharimu fedha na hakuna wa kumnyang'anya mtoto stadi hiyo, lakini kukisimama peke yake kunamtwika aliye mnyonge kuliko wote.

Kwa hiyo misimamo hii haishindani kama inavyodhaniwa. Inapaswa kupangwa kwa zamu. Kwanza, tathmini: hospitali ipime macho, na kituo cha EARC kipime jinsi mtoto anavyotumia uoni wake kusoma, kuandika na kutembea. Pili, ukurasa mmoja wa maandishi unaosema akae wapi, asome herufi za ukubwa gani, chaki ya rangi gani, apewe muda gani. Ukurasa huo ukabidhiwe mwalimu wa darasa kwa jina na umfuate mtoto anapopanda gredi au kuhama shule. Hapo mwalimu mwema akiondoka, msaada haumfuati. Tatu, marekebisho yaleyale yatumike katika mitihani ya muhula, ili usajili wa KNEC uthibitishe kilichozoeleka. Nne, shule kama Mtakatifu Oda na Kibos ziwezeshwe kuwa vituo vya kuazimisha vifaa na walimu kwa shule za vijijini, badala ya kuwa mahali pa kuhamishia watoto pekee.

Kujisemea kupitie hatua zote hizo. Katika gredi za kwanza, mzazi na mwalimu waseme huku mtoto akisikia na kuulizwa. Kuanzia gredi za kati, mtoto akae kwenye kikao kinachoandika ukurasa wake na achangie anachokiona yeye. Sekondari ya juu, yeye ndiye awaeleze walimu wapya, na shule ibaki na wajibu hata siku ambayo hakusema.

Mpango huu una gharama zake. Mwalimu mwenye darasa kubwa ataongezewa kazi. Mtoto akiandikishwa kuwa na ulemavu anaweza kubandikwa jina ambalo familia haikulitaka, na siri ya afya yake lazima ilindwe. Vituo vya tathmini haviwezi kufanya kazi bila usafiri na wataalamu. Lakini gharama hizi zinaonekana na zinaweza kuwekwa kwenye bajeti. Gharama ya sasa, ya mtoto anayeacha shule akiaminiwa kuwa hana akili, hailipwi na bajeti yoyote. Inalipwa na mtoto.

Kwa muhtasari

Uoni hafifu si upofu wala si suala la miwani tu, na hali mbili zenye kipimo kimoja zinaweza kuhitaji marekebisho yanayopingana. Sheria ya Kenya, kuanzia Katiba ya 2010 hadi sheria ya 2025, imeshaamua kwamba marekebisho ni haki. Kilichobaki ni kumpa mtu mmoja katika kila shule jukumu la kuyatekeleza. Shule maalum zinafaa kwa baadhi, shule ya jirani kwa wengi zaidi, na marekebisho ya mtihani yanafaa pale yanapoendeleza ya darasani.

Kuhusu nani aseme, jibu ni wote wawili, kwa mpangilio. Mtu mzima aanze, kwa sababu ndiye mwenye wajibu na uwezo. Mwanafunzi aendelee, kwa sababu ndiye mwenye maarifa ya macho yake. Mzazi wa Luanda Kotieno anayejiuliza aanzie wapi, aanze na kipimo cha macho, aende kituo cha tathmini, adai maandishi, kisha amfundishe mwanawe kuyaeleza. Shule nayo isimwambie mtoto kwamba hakuomba. Ijiulize kama ilimtazama.